Kuijua Sekstanti Mbali na Bahari

Sekstanti ya zamani, chombo cha baharia cha kupimia pembe, husuguliwa kabla ya kuuzwa. Shaba inang'aa, sanduku linapakwa vanishi, na mnunuzi asiyejua analipia mng'ao. Thamani yake iko kwingine: katika tao lililochorwa mistari kwa haki, mkono unaozunguka pasipo kuyumba, na vioo viwili vinavyobaki pale ulipoviweka. Mambo hayo hujulikana kwa kupima tu, na kwa kupima napapenda Tumati, katika nyanda za juu za Mbulu, ingawa kutoka hapo hadi pwani ni zaidi ya kilomita 400.

Melini sitaha inacheza, upeo wa bahari umejaa utusitusi, na baharia akikosea kwa maili moja hulaumu mawimbi. Tumati ardhi imetulia. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, asubuhi nyingine matuta ya mbali huonekana kama yamekatwa kwa kisu. Hapo huna cha kusingizia: kosa utakaloliona ni la chombo, au ni la mkono wako.

Anza na ngoma ya dakika, ile inayozungusha skrubu ya mkono. Chagua ukingo wa mlima wa mbali, zungusha ngoma mpaka ukingo wa kiooni uungane na ule unaouona moja kwa moja, kisha usome. Rudia ukija kutoka upande wa pili. Masomo mawili yakipishana kwa nusu dakika ya tao, meno ya skrubu yamelika. Fundi wa magari angesema ina plei. Unaweza kuishi na chombo hicho kwa kuzungusha siku zote upande mmoja, lakini bei yake lazima ishuke.

Kisha vioo, na mpangilio wake usiuvunje. Kwanza kioo kikubwa kilicho juu ya mkono: lazima kisimame wima juu ya bapa la chombo. Weka mkono karibu na nyuzi 35, ilaze sekstanti, tao likiwa upande wa mbali nawe, uchungulie kwenye ukingo wa kioo. Tao halisi na tao la kiooni yawe mstari mmoja usiokatika. La kiooni likipanda juu, kioo kimeinamia mbele. Gusa skrubu yake kidogo sana, kwa maana robo ya mzunguko tayari ni nyingi. Kioo kidogo kinafuata. Elekea nyota, weka mkono kwenye sifuri, zungusha ngoma mbele na nyuma: nyota ya kiooni inapaswa kupita juu ya ile ya kweli. Ikipita kando, kioo kidogo kimeegemea upande. Anayeanza na kosa la sifuri, yaani kile chombo kinachosoma pale kilipopaswa kusoma sifuri, kabla ya haya mawili atalipima upya, kwa sababu kila skrubu unayoigusa huvuruga kilichokwisha kurekebishwa.

Kosa la sifuri ndilo linaloonyesha utu wa chombo. Wengi hulipima kwa mti wa jirani au mnara wa simu, na hapo hukosea. Vioo viwili vimeachana kwa sentimita 6 hivi, kwa hiyo kitu kilicho umbali wa mita 500 huongeza karibu nusu dakika isiyohusiana na chombo. Nenda mbali zaidi ya kilomita 2. Ukingo wa Mlima Hanang, wingu likiuacha, unafaa kabisa.

Bora zaidi ni jua lenyewe. Funga vioo vya rangi vya kutosha, ulete jua la kiooni liguse jua la kweli ukingo kwa ukingo, kwanza upande mmoja wa sifuri kisha upande wa pili. Tuseme ndani ya tao, yaani juu ya sifuri, umesoma dakika 34.2, na nje ya tao, chini ya sifuri, 29.8. Tofauti ni 4.4, nusu yake, 2.2, ndiyo kosa la sifuri, na kwa kuwa liko ndani ya tao, utaliondoa katika kila kipimo. Lingekuwa nje, ungeliongeza. Uzuri wa njia hii ni kwamba inakukagua na wewe pia. Jumlisha masomo yale, ni 64.0, gawanya kwa 4, upate 16.0. Hiyo ni nusu ya kipenyo cha jua, na almanaka ya wanamaji huitaja: karibu 16.3 mwanzoni mwa Januari, karibu 15.8 mwanzoni mwa Julai. Kama ni siku za mwanzo wa Oktoba, 16.0 ni sawasawa. Ukipata 15.5, rudia, jicho lako halikugusanisha. Badilisha vioo vya rangi na upime tena. Kioo cha rangi kinacholeta jibu tofauti hakikusagwa sambamba.

Kosa likiwa chini ya dakika 3, liache. Skrubu zile ni ndogo, na kila kuzikaza ni kuzila. Liandike kwenye kadi ndani ya kifuniko cha sanduku, pamoja na tarehe. Kwangu mimi sekstanti yenye kosa la dakika 2 lililosimama mwaka mzima inaishinda kwa mbali ile inayosoma sifuri leo na dakika moja kesho.

Yapo makosa yasiyo na skrubu: mkono usiozunguka katikati kamili ya tao, mistari iliyochorwa isivyo sawa. Zamani vyombo vya Uingereza vilipelekwa kwenye kituo cha uchunguzi cha Kew kukaguliwa, navyo vikarudi na cheti chenye makosa ya tao mahali mbalimbali. Chombo chenye cheti cha namna hiyo, au cha kiwanda kama C. Plath au Tamaya, ambacho namba yake inalingana na ile iliyo kwenye fremu, kinastahili fedha zaidi. Lakini cheti kinasema chombo kilivyokuwa siku ile. Tangu hapo huenda kimeanguka.

Hapa ndipo Tumati inapotoa kile ambacho meli haiwezi kukitoa. Hapana upeo wa bahari, kwa hiyo unatumia beseni la kimiminika linaloakisi anga. Watangulizi walitumia zebaki. Ni sumu, na oili chafu ya injini inatosha, ikikingwa upepo. Unapima pembe kati ya nyota na taswira yake ndani ya oili, unaondoa kwanza kosa la sifuri, ndipo unagawanya kwa mbili. Jua la adhuhuri halifai: katika latitudo hii, nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, halishuki chini ya nyuzi 62 hata mwezi Juni, na maradufu yake, 124, inafika ukingoni mwa matao mengi au kuyapita.

Basi chukua nyota mbili. Capella huvuka upande wa kaskazini, na Canopus, Suhail ya manahodha wa Kiarabu, upande wa kusini, zote kwa kimo cha nyuzi 40 hivi, na zinang'aa vya kutosha kuonekana ndani ya oili kwa darubini. Karibu na tarehe 20 Oktoba Capella huvuka kama saa kumi usiku, Canopus kama saa moja baadaye, kabla hakujapambazuka. Tafuta latitudo kwa kila moja. Mkunjo wa mwanga hewani unakaribia kulingana kwa vimo hivyo, kwa hiyo hauwezi kulaumiwa. Latitudo mbili zikipishana kwa dakika 1.5, hiyo 1.5 ndiyo kosa la tao lako karibu na nyuzi 80. Wastani wake ndio latitudo ya kweli, na simu yako itakuthibitishia.

Gharama ya chombo kisichokaguliwa inajulikana katika nchi hizi. Mwaka 1858 wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walikadiria kimo cha Ziwa Tanganyika kwa kuchemsha maji na kusoma kipimajoto kibovu, wakapata kama futi 1,850. Ziwa liko karibu futi 2,530. Namba ile iliingia katika ubishi wa chanzo cha Nile, na wasomi wa London walijenga juu yake hoja kwa miaka.

Jaribio la mwisho ni barabara. Pima kosa la sifuri Tumati asubuhi, funga sekstanti katika sanduku lake, panda nayo basi hadi Mbulu mjini, upime tena siku hiyohiyo. Likibadilika kwa zaidi ya nusu dakika, vibano vya chuma nyuma ya vioo vimechoka. Mwambie muuzaji avibadilishe kwanza, kisha urudie safari kabla hujamkabidhi fedha.