Kundi la Sunburst na Kiswahili cha Njia Kuu

Katika historia ya sanaa zimo kazi ambazo sifa zake zimefika mbali kuliko kazi zenyewe. Miongoni mwa hizo ni nyimbo za kundi la Sunburst, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1970, likatoa santuri yake moja kubwa, Ave Africa, nchini Zambia mwaka 1976, kisha lisidumu muda mrefu baada ya hapo. Mwimbaji wake mkuu alikuwa James Mpungo, na mpiga gitaa aliyejulikana zaidi alikuwa Hembi Flory Kongo, mzaliwa wa Zaire ya wakati ule. Mwaka 2016, yaani miaka 40 baada ya santuri hiyo, kampuni ya Strut ya London ilikusanya rekodi za kundi hili za tangu 1973 mpaka 1976, ikazitoa upya. Wahakiki wa muziki wa Ulaya na Marekani wakazipokea kwa sifa. Lakini sifa hizo ziliandikwa hasa kwa Kiingereza, nazo zilihusu hasa magitaa, kinanda cha umeme na ngoma. Maneno ya nyimbo, ambayo sehemu kubwa ni Kiswahili, yalipitiwa juu juu kama mtu apitavyo uani kwa jirani akielekea sokoni.

Mtu akiuliza kwa nini kundi lenye sifa hivi halikupata nafasi katika kumbukumbu za nyumbani, hujibiwa kwa kawaida kwamba maisha yake yalikuwa mafupi, kwamba santuri yake ilitolewa nje ya nchi, na kwamba muziki wake haukuwa dansi, wala taarabu, wala ngoma ya jadi. Majibu hayo ni ya kweli, ila hayatoshi. Liko jibu la nne, nalo lawahusu wataalamu wa lugha kuliko watu wengine wote: nyimbo za Sunburst zilitumia Kiswahili cha namna ambayo uhakiki wa Kiswahili haukuwa na kipimo chake. Kipimo hicho hakipatikani pwani peke yake. Chapatikana pia bara, katika miji kama Makambako na Njombe, ambako Kiswahili kilifika kwa miguu, kwa lori na kwa gari moshi, kikakaa juu ya lugha nyingine ya mama.

Yafaa kwanza kukumbuka wakati ambao kundi hili lilizaliwa. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Januari 1969, kupinga sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na mambo mengine yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni. Novemba 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku katika madansi ya Dar es Salaam. Sunburst likaanzishwa mwaka uliofuata, likiwa na magitaa ya umeme yenye sauti ya kuvuma, na likipenda mapigo ya rock na soul pamoja na yale ya ngoma za nyumbani. Hapana ajabu, basi, kwamba swali la kwanza lililoulizwa juu ya kundi la namna hii lilikuwa la uraia: je, muziki huu ni wetu au si wetu? Swali la pili, yaani je, maneno haya yametungwaje, halikupata zamu yake.

Wakati huohuo bendi za dansi zilikuwa na jibu tayari kwa maswali yote mawili. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya umoja wa wafanyakazi, ilikuwa ya taifa kwa jina na kwa mwajiri. Safari Trippers, pamoja na Marijani Rajab, walitunga nyimbo kama Rosa Nenda Shule na Georgina, ambazo ndani yake mna mtu mwenye jina, mna shida, na mna usia. Nyimbo za namna hiyo huweza kuandikwa kwenye karatasi zikasomwa kama hadithi fupi au shairi la mawaidha. Mwalimu huweza kuziuliza dhamira, wahusika na funzo, nazo zikajibu. Ndipo zilipopata heshima katika madarasa, nayo ni heshima ya haki. Lakini mazoea ya kupima wimbo kwa hadithi yake yalizaa hukumu isiyosemwa wazi: kwamba wimbo wenye maneno machache, yenye kurudiwarudiwa, ni wimbo maskini wa lugha.

Hukumu hiyo yaweza kujaribiwa hata kwa majina ya nyimbo tu. Jina la wimbo si wimbo wote, lakini ni mahali ambapo mtungaji huonyesha neno alilolichagua pale alipokuwa na nafasi ya maneno mawili au matatu. Na watazamwe Enzi za Utumwani. Msemaji wa kawaida angeridhika na kusema enzi za utumwa. Utumwa ni nomino ya dhana: ni jambo la historia, la vitabu, la tarehe. Kiambishi -ni kilichoongezwa hapa hakikuongezwa kwa pambo. Kimeigeuza dhana kuwa mahali, na palipo na mahali pana watu waliokuwamo. Anayesema enzi za utumwa hutaja mfumo, na anayesema enzi za utumwani huwataja waliokuwa ndani yake, ingawa hakuwataja kwa jina. Pia kiambishi hicho kimesogeza mkazo. Katika utumwa mkazo hukaa juu ya tu. Katika utumwani huhamia mwa, silabi nzito zaidi, na neno hupata silabi moja zaidi ya kumalizia. Mtu aliyezoea kuhesabu mizani ataona kwamba jina zima lina mizani saba, na kwamba uzito wake wote umewekwa karibu na mwisho. Kazi hii ya sarufi imefanywa bila kelele, na hadithi ndefu isingeifanya vizuri zaidi.

Wimbo mwingine ni Simba Anguruma. Hapa mtungaji hakusema ananguruma. Ametumia njeo ya -a-, ambamo kiambishi cha nafsi na kiambishi cha njeo vimeungana kuwa sauti moja. Katika mazungumzo ya siku hizi njeo hii imepungua sana, hasa bara. Lakini ni njeo ya methali, na ni njeo ya vichwa vya habari magazetini. Katika methali husema jambo la siku zote. Katika gazeti husema jambo la asubuhi hii. Simba wa wimbo huu amewekwa katikati ya mambo hayo mawili: angurumaye daima, na angurumaye sasa hivi. Tofauti ya silabi moja, na ndani yake hoja nzima ya wakati. Kwa upande mwingine jina Banchikicha halimpi msikilizaji maana ya kushika upesi. Humpa mwendo: silabi fupi, ch mbili na k kati yake, kama vidole juu ya ngozi ya ngoma. Watoto wa Kiswahili huimba maneno ya namna hiyo katika michezo yao, wala hakuna asemaye kwamba hawajui lugha.

Sasa ni wakati wa kupanda nyanda za juu kusini, maana hoja hii haikamiliki pasipo wasikilizaji wake. Wilaya ya Njombe, kabla ya kuwa makao makuu ya mkoa mwaka 2012, ilijulikana tangu enzi ya ukoloni kuwa mahali pa kutolea vibarua. Wanaume wa Kibena walikwenda kwa mkataba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, na wengine baadaye wakafanya kazi karibu na kwao, katika mashamba ya miwati yaliyoanzishwa Njombe mwaka 1949 na katika mashamba ya chai. Kiswahili walichorudi nacho nyumbani kilikuwa cha kambi, cha zamu na cha stoo ya posho. Kilikuwa na maneno machache yaliyofanya kazi nyingi. Kwenye misheni za Kilutheri, kama Kidugala na Ilembula, na kwenye parokia za Kikatoliki, walikipata Kiswahili kingine, cha sala na cha nyimbo, chenye kurudia kiitikio mpaka kimeingia moyoni. Hivyo mtu wa Njombe, mwenye Kibena au Kikinga kwa mama yake, alizoea tangu utoto kwamba Kiswahili ni lugha ambayo wimbo hufika kwanza na sarufi hufuata.

Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi kutoka Njombe, ni mfano ulio wazi zaidi. Mji huu ulikuzwa na njia. Hapo barabara itokayo Songea na Njombe hukutana na barabara kuu iendayo Zambia, na hapo hupita reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Ujenzi wa reli hiyo ulianza mwaka 1970, mwaka uleule wa kuanzishwa kwa Sunburst, nayo ikakabidhiwa rasmi Julai 1976, mwaka uleule wa Ave Africa. Kulingana huko kwa miaka si sababu ya jambo lolote, lakini kwasaidia kufahamu. Katika miaka hiyo sita Kiswahili kilikuwa kikipata wasemaji wapya kwa wingi kandokando ya njia ile: Mbena, Mkinga, Mhehe, dereva kutoka Zambia, fundi kutoka China. Katika stesheni na sokoni lugha ilipaswa kuwa fupi, yenye kusikika juu ya mngurumo wa injini, na yenye kueleweka na mtu aliyeianza juzi. Kiswahili cha Sunburst, kundi la watu wa asili mbalimbali waliokutana mjini, kina sifa hizohizo. Ni Kiswahili cha watu wanaokutana. Kukipima kwa kipimo cha malenga wa Lamu au wa Tanga ni sawa na kupima mahindi kwa futi.

Haimaanishi kwamba kazi yote ya kundi hili ni sawa kwa ubora. Yapo mapungufu, na uhakiki ulioandikwa nje ya nchi uliyasamehe upesi mno. Nyimbo zenye majina ya Kiingereza, kama Black Is Beautiful na Let's Live Together, husimama juu ya kaulimbiu. Ya kwanza ilikuwa imekwisha kusemwa Marekani na watu waliokuwa na sababu yao na mitaa yao. Ya pili ni nasaha ambayo hakuna wa kuipinga, na neno lisilopingika hupungua nguvu katika sanaa. Kwa Kiswahili watungaji walilazimika kuchagua kati ya utumwa na utumwani. Kwa Kiingereza waliikuta sentensi imekwisha kutengenezwa, wakaichukua ilivyo. Hata jina Ave Africa lina sura mbili. Neno la Kilatini ave ni salamu, na Mkatoliki wa Njombe angelitambua upesi kutoka kanisani. Lina heshima na lina mwangwi. Lakini mtu aweza kuuliza kwa nini bara lisalimiwe kwa lugha ya Roma, ilhali Salaam Afrika ingetosha, tena ingekuwa na mvutano wake wenyewe, kwa kuwa neno salaam nalo lilitoka ng'ambo kabla ya kuwa letu.

Kuhusu kwenda Zambia, yasisemwe kwamba kundi lilikimbia nyumbani. Tanzania ya wakati ule ilikuwa na studio ya redio ya taifa, ambayo ilihifadhi muziki kwenye kanda, lakini haikuwa na kiwanda cha kukandamiza santuri. Bendi nyingi zilitegemea Nairobi. Zambia, kwa upande wake, ilikuwa na vijana wengi waliopiga rock kwa magitaa ya umeme; kundi la Amanaz lilitoa santuri yake Africa mwaka 1975, na WITCH lilikuwa limekwisha kupata jina. Huko Sunburst halikuulizwa kama muziki wake ni wa nani. Hata hivyo lilipata studio likapoteza wasikilizaji wa lugha yake, kwani santuri yenye nyimbo za Kiswahili ilizaliwa katika nchi ambayo wengi wa wanunuzi walizungumza Kibemba, Kinyanja na Kiingereza. Walioyafahamu magitaa hawakuyafahamu maneno, na walioweza kuyafahamu maneno walikuwa upande wa pili wa mpaka.

Hapa ndipo penye hasara yenyewe, nayo si ya kundi moja tu. Kama uhakiki wa Kiswahili utaendelea kuzitambua nyimbo zile tu ambazo zaweza kusomwa kama shairi au hadithi, basi sehemu kubwa ya Kiswahili cha karne ya 20, yaani kile kilichotungwa na watu ambao hawakuzaliwa nacho, itabaki kuhakikiwa na wageni, kwa lugha nyingine, kwa kusikiliza ala tu. Wageni hao hawana lawama. Wamefanya walichoweza, na bila wao rekodi zenyewe zingekuwa zimetawanyika. Lakini hakuna mhakiki wa London atakayeona kilichofanywa na -ni katika utumwani. Kazi hiyo humngoja mwenye lugha.

Inafaa, basi, nyimbo za Sunburst ziandikwe upya kwa hati, silabi kwa silabi, pamoja na marudio yake yote bila kufupishwa, maana marudio ndiyo umbo lake. Kisha zilinganishwe na nyimbo za kwaya na nyimbo za kazi za Njombe, na Kiswahili cha stesheni na soko la Makambako, kabla ya kulinganishwa na tenzi. Wazee waliokuwa vijana wakati reli inapita bado wako, nao wanakumbuka jinsi lugha hii ilivyosikika masikioni mwao ilipokuwa ngeni. Kwa ushahidi wao yaweza kuamuliwa kama uchache wa maneno wa kundi hili ulikuwa umaskini au ulikuwa uangalifu. Majina machache yaliyotazamwa hapa yaelekea upande wa uangalifu.