Kuikagua Kalibu ya Nakshi za Ngozi

Kalibu mbovu huuzwa kwa mchoro wake. Muuzaji anakuonyesha ua lenye mishipa myembamba ya majani, shaba inang'aa, nawe unatoa pesa. Ukiibana juu ya ngozi, mishipa haionekani na ukingo wa ua umekata uso. Aliyeichonga alikuwa akiifikiria karatasi. Karatasi hupokea wino. Ngozi husukumwa tu, na nakshi yake yote ni mwanga na kivuli. Kwa hiyo anayejua kukagua kalibu haanzi na uzuri wa ua. Anaanza na mabonde.

Vilima na mabonde

Ngozi ni nyuzi zilizosokotana pande zote. Ukiigandamiza, nyuzi zilizo chini ya kilima cha kalibu hubanwa, na za kando huvutwa ziingie bondeni. Bonde likiwa jembamba mno, ngozi hukaa juu yake kama daraja bila kugusa chini, na mistari miwili iliyokaribiana hutoka kama alama moja iliyovia.

Kwa ngozi ya mkanda wa kiuno, yenye unene wa milimita 3 hadi 4, kataa kalibu yenye mistari iliyo chini ya milimita 1, na utake bonde liwe pana kuliko mstari ulio kando yake. Kina kisizidi nusu ya unene wa ngozi; kikizidi hapo, uso huanza kupasuka kwenye kona. Ngozi ya pochi, ya milimita 1 hadi 1.5, huvumilia mistari myembamba kidogo, lakini haina unene wa kutoa kina. Ndiyo maana kalibu moja haiwezi kufaa mkanda na pochi kwa ubora uleule, hata muuzaji aape.

Jihadhari hasa na nakshi zilizonakiliwa moja kwa moja kutoka milango ya Lamu na Zanzibar. Mnyororo na waridi za mlangoni zilichongwa kwa patasi, kwa kina kirefu, zitazamwe na mtu aliyesimama barazani. Zikipunguzwa zikae kwenye kandambili, mabonde yake huziba. Mchoraji mzuri hupunguza petali na kuacha pete chache za mnyororo, kisha hupanua nafasi zilizobaki. Ukiona waridi yenye petali zote za mlangoni ndani ya sentimita 2, irudishe.

Ukuta na ukingo

Ukuta wa kilima unapaswa kuteremka, usisimame wima. Mteremko wa digrii 10 hadi 15 huiachia ngozi iingie na kutoka bila kuchubuka. Ukingo nao uwe umeviringwa kidogo. Upitishe ukucha juu yake: ukucha ukikwaruzwa, uso wa ngozi utakatwa.

Kosa baya zaidi ni ukuta ulioliwa kwa ndani, yaani juu mpana na chini mwembamba. Hutokea hasa kwenye mabamba yaliyochimbwa kwa asidi, kwa sababu asidi isipodhibitiwa hula kando kama inavyola chini. Kalibu ya namna hiyo huing'ang'ania ngozi, na ukiivuta hutoka na vipande vya uso. Inamishe kwenye mwanga uitazame kwa pembeni. Kivuli chembamba chini ya ukingo kinatosha kukuonya.

Uso wa kilima usuguliwe kwa msasa laini hadi mikwaruzo ya tupa iishe. Mkwaruzo usiouona kwenye shaba utauona kwenye ngozi, kwa kuwa ngozi iliyoloa hunakili kila kitu.

Imetengenezwa kwa nini?

Chuma kitupu ni cha kuepukwa. Ngozi inayoshika nakshi vizuri ni ile iliyosindikwa kwa dawa ya maganda ya miti, kama miwati, na dawa hiyo ikikutana na chuma penye maji huzaa doa jeusi lisilotoka kwa urahisi. Shaba ya njano haina tabia hiyo, huvumilia joto na hudumu miaka. Magnesiamu ni rahisi kuchimbwa na bei yake ni nafuu, ila ni laini na huliwa na unyevu; inafaa kwa oda ndogo.

Mbao si ya kudharauliwa. Mpingo una chembe zilizoshikana sana na hushika ukingo safi. Mbao laini huacha alama za nyuzi zake. Kalibu za plastiki zinazotoka kwenye printa ya 3D zinafaa kujaribia mchoro kabla ya kuingia gharama ya shaba. Angalia ngazi ndogo za tabaka kwenye miteremko yake, maana nazo zitachapika. Usizipashe moto: plastiki ya aina ya PLA hulainika kwenye digrii 60 hivi.

Joto lina mpaka hata kwa shaba. Ngozi ya maganda ya miti iliyoloa huanza kujikunja na kukakamaa kwenye digrii 75 hadi 85. Muuzaji akisema kalibu yake hutoa nakshi safi ikiwa ya moto sana tu, elewa kwamba joto linafunika kasoro ya kina.

Dume na jike

Kalibu za jozi, ambapo dume huingia ndani ya jike, hutoa nakshi iliyotuna kuliko zote. Ubora wake uko kwenye nafasi inayobaki kati ya sehemu hizo mbili. Nafasi hiyo ilingane na unene wa ngozi pande zote, kutani na chini vilevile. Ikiwa dume linaenea ndani ya jike bila kuacha nafasi, umeuziwa mkasi. Muulize fundi: jozi hii ni ya ngozi ya unene gani? Asipokuwa na jibu la milimita, alikisia.

Majaribio manne

Kwanza, ilaze kalibu kifudifudi juu ya kioo. Isiyumbe. Pili, ipake wino wa muhuri na uibonyeze kwa mkono kwenye karatasi nyeupe. Sehemu zisizochapika ni vilima vilivyo chini ya wenzake. Hapohapo soma maandishi: kwenye kalibu yawe kinyume, kwenye karatasi yanyooke. Kwa maandishi ya Kiarabu, tazama nukta; zikiwa ndogo na zenye ncha zitatoboa ngozi.

Tatu, kwa kalibu ya ukingo inayorudiwa kando ya mkanda, chapa mara tatu mfululizo. Maungio yasionekane.

Nne ni ngozi yenyewe, na uende nayo dukani. Ilowanishe, usubiri hadi rangi yake ianze kurudi, kisha uibane dakika chache kwenye jiliwa au presi. Usihukumu ikiwa mbichi; ngozi ikikauka baadhi ya nakshi hushuka. Siku ya pili ikunje kidoleni, uangalie kama kona zimepasuka na kama mabonde bado yana kivuli. Usijaribie kwenye ngozi iliyosindikwa kwa kromi, kwa sababu hurudi ilivyokuwa na utailaumu kalibu isiyo na hatia.

Kabla ya kulipa

Linganisha ukubwa wa kalibu na nguvu ya presi yako. Bamba la sentimita 10 kwa 10 lina eneo mara 25 ya lile la sentimita 2 kwa 2, na likichongwa kwa nakshi ileile linahitaji nguvu mara 25 ili lizame sawasawa. Mafundi wengi hubana kwa jeki ya gari iliyofungwa kwenye fremu ya chuma, na fremu ikipinda kidogo, katikati ya bamba hakuchapi. Pesa ikitosha kalibu moja tu, chukua ndogo ya shaba, yenye nakshi chache na mabonde mapana. Hiyo utaichapa ukingoni, kwenye kona na katikati, na kila alama itatoka kamili.