Asparagasi Moja Juu ya Marumaru

Mwaka 1880 Charles Ephrussi, mkusanyaji wa sanaa mjini Paris, alinunua kwa mchoraji Édouard Manet mchoro wa fungu la asparagasi, ile mboga inayoliwa ikiwa bado chipukizi. Bei ilikuwa faranga 800. Ephrussi akapeleka 1,000. Manet hakurudisha chenji. Alichora asparagasi nyingine, moja tu, akaituma na kikaratasi cha utani kwamba hiyo ilikuwa imepungua kwenye fungu.

Kisa hiki kimesimuliwa mpaka watu wanasahau kuitazama michoro yenyewe. Lile fungu lilichorwa kwa njia ya wazee: nyuma giza, chini majani mabichi, na weupe wa mboga unajitokeza wenyewe. Mchoro wa pili hauna msaada huo. Kitu cheupe kimelazwa juu ya meza ya marumaru iliyo karibu rangi moja nacho. Utakitenganishaje na meza?

Wengi wangekizungushia mstari au wangetia kivuli kizito. Manet alichovya brashi katika rangi zilezile kwa meza na kwa mboga: nyeupe, kijivu, zambarau iliyofifia. Tofauti aliiacha mkononi. Kwenye meza brashi imepita mbio, ikaburuta michirizi mirefu. Ukiwa mbali, hiyo ni mishipa ya marumaru. Ukisogea, ni rangi iliyopakwa basi. Kwenye mboga mkono umetulia, rangi imeshiba, na ncha imeguswa zambarau iliyokolea zaidi. Kisha upande mmoja wa mboga umechomoza kidogo nje ya ukingo wa meza. Hila hiyo ni kongwe, lakini hapa ndiyo inayoipa meza kina.

Kuna watakaosema Manet hakuwa mmoja wa Waimpreshonisti, lile kundi la wachoraji wa Ufaransa, maana hakushiriki hata moja ya maonyesho yao manane, kuanzia 1874 hadi 1886. Sawa. Ila kuacha alama ya brashi ionekane, na kulijengea jicho umbo kwa rangi badala ya mstari, ndiyo kazi waliyokuwa wakiifanya wao.

Turubai la asparagasi hiyo moja halifiki sentimita 17 kwa 22, sawa na daftari la shule, na sahihi ni herufi M peke yake. Ningeambiwa nichague kati ya michoro hiyo miwili, ningechukua huu mdogo. Fungu sasa liko Cologne, Ujerumani, katika jumba la Wallraf-Richartz. Ile moja iliyopungua imebaki Paris, Musée d'Orsay.