Ukumbusho: Neno la Wachoraji wa Lubumbashi na Swali la Chanzo cha Picha

Katika maandishi mengi yahusuyo wachoraji wa kujitegemea wa Kongo, yaani wale wasiopitia chuo cha sanaa wala kuwa chini ya mfadhili, hurudiwa maelezo ya aina moja: kwamba mchoraji wa namna hii huchota picha zake katika maisha ya kila siku na katika hisia za moyo wake. Ameona askari, akachora askari. Ameumia, akachora maumivu. Maelezo hayo si ya uongo. Hata hivyo yana upungufu ambao sisi tunaojishughulisha na lugha tunapaswa kuuona upesi, kwani yamejengwa juu ya wazo geni: kwamba picha huanza kama pumzi iingiayo ndani ya mtu mmoja, kisha mtu huyo akaitoa nje kwa rangi. Wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi wa miaka ya 1970 walikuwa na neno lao la kuitaja kazi ya picha, nalo lilikuwa ukumbusho. Katika makala hii tunanuia kulichukua neno hilo kama lilivyo na kutazama linatufundisha nini juu ya picha zenyewe.

Neno hilo liliandikwa na wataalamu mapema. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian walilieleza katika makala yao ya mwaka 1976 juu ya uchoraji wa Shaba, jina lililokuwa la Katanga wakati huo. Walionyesha kwamba wachoraji na wanunuzi walilitumia kutaja kile kinachoifanya picha istahili kuwekwa ukutani. Lakini tangu hapo neno limekuwa likitajwa kwa mlazo, kama pambo, bila kuchunguzwa umbo lake. Tuanze basi na umbo.

Mzizi ni kumbuka. Anayekumbuka hukumbuka mwenyewe, na tendo humalizikia kwake. Tukitia kiambishi cha kutendesha tunapata kumbusha, na hapo lazima awepo mtu wa pili, yule anayekumbushwa. Ukumbusho umeundwa kutokana na kitenzi hicho cha pili, wala si kile cha kwanza. Linganisha na kumbukumbu, neno lililojengwa kwa kurudufu mzizi bila kutendesha: kumbukumbu yaweza kukaa kimya kichwani mwa mtu au katika jalada la ofisi miaka mia. Ukumbusho hauwezi kukaa hivyo. Unadai mtu wa kumtendea. Kwa hiyo mchoraji aliyesema kwamba picha yake ni ukumbusho hakuwa akieleza alichohisi alipoishika brashi. Alikuwa akieleza kazi itakayofanyika baadaye, sebuleni mwa mtu mwingine, mbele ya wageni. Pwani nako neno hilo linajulikana, katika mnara wa ukumbusho kwa mfano, lakini mnara husimamishwa na serikali uwanjani. Lubumbashi neno liliingia nyumbani mwa fundi wa reli na mfanyakazi wa mgodi.

Sasa tuitazame picha iliyopendwa kupita nyingine nyingi, ile ambayo wachoraji waliiandika jina kwa Kifaransa, «Colonie belge», mara nyingi pamoja na miaka 1885-1959. Mpango wake haubadiliki sana. Kuna jengo la gereza, bendera ya Ubelgiji juu ya mlingoti, wafungwa waliovaa nguo za mistari. Mmoja wao amelazwa chini, na askari Mwafrika anampiga kwa mjeledi wa ngozi ya kiboko, ile chicotte ambayo wazee wetu hawakuhitaji kuelezwa. Afisa wa Kizungu amesimama kando akitazama. Na mara nyingi, pembeni, wapo wanawake waliowaletea wafungwa chakula.

Mtu huuliza: kwa nini mfanyakazi mwenye mshahara wake, aliyenunua viti vizuri na redio, atundike mjeledi mahali anapokaribisha wageni? Kama picha ingekuwa hisia ya mchoraji peke yake, swali hili lisingejibika; hakuna mtu anayenunua maumivu ya mwenziwe ili yampambie nyumba. Jibu, kwa maoni yetu, limo ndani ya picha, tena katika watu wawili ambao wahakiki huwapita haraka. Wa kwanza ni askari. Anayepiga ni ndugu wa anayepigwa. Mzungu hana kitu mkononi, au ana kiko tu. Mtazamaji wa mwaka 1974, aliyewajua askari wa zama zake mwenyewe, hakuhitaji kuambiwa kwamba mkono ulioshika mjeledi haukurudi Ulaya mwaka 1960. Tarehe zilizoandikwa zilimlinda mchoraji na mwenye nyumba pia: haya ni ya Wabelgiji, yalikwisha mwaka 1959, nani atakamatwa kwa kuyakumbuka? Wasomaji kadhaa wa picha hizi wameliona jambo hilo, na tunaafikiana nao.

Wa pili ni mwanamke mwenye chakula, na huyu tunamwona hajatendewa haki na waandishi. Yeye ndiye maisha ya kila siku yenyewe. Gereza bila yeye ni somo la historia tu. Pamoja naye ni habari ya nyumba fulani ambamo leo mume hayupo, unga umepimwa, na mtu ametembea kwa miguu hadi kwenye lango. Uchungu wa picha haumo katika mjeledi, ambao macho huuzoea upesi. Umo katika ule mwendo mfupi wa mwanamke kuelekea langoni. Mchoraji mdogo humweka kama kijazio. Mchoraji hodari humpa mahali ambapo jicho lazima lipite kabla ya kutoka kwenye picha.

Yapo pia maumbo mengine yanayojulikana, nayo tutayataja kwa ufupi. «Mamba muntu», mwanamke nusu samaki, mwenye ngozi nyeupe na nywele ndefu, atoaye utajiri kwa mwanamume anayejua kunyamaza, ni picha ya tamaa na hofu ya mshahara ambao hautoshi. «Inakale» humwonyesha mtu aliyenaswa katika mti: chini simba, juu nyoka, majini mamba. Jina hilo ni la lugha yetu ya mjini, nalo lataja jambo lililokuwa kali hata njia ikakosekana. Hakuna aliyekutana na wanyama hao watatu siku moja. Lakini kila mtu anajua siku ya aina hiyo, na mgeni aketiye chini ya picha huanza kueleza yake mwenyewe kabla hajaulizwa.

Hapa yafaa kulinganisha na historia ya jirani kabisa, katika mji huo huo. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji Elisabethville, Lubumbashi ya leo, iliyojulikana kama Hangar. Aliwakusanya vijana, akawapa vifaa, akawataka wasiige Wazungu bali wachote ndani mwao. Kutoka hapo walitokea Pilipili Mulongoy na wanyama wake waliozungukwa na nukta nyingi, Mwenze Kibwanga na mistari yake myembamba, Bela Sara aliyepaka rangi kwa vidole. Ni kazi nzuri. Hatuna haja ya kuzidunisha. Lakini tazama ajabu hii. Pale ambapo mchoraji aliambiwa achote moyoni mwake, tulipata samaki, ndege na mwindaji, bila gereza, bila bendera, bila kiwanda, katika mji uliokuwa umejaa vyote vitatu. Moyo ulioagizwa na mfadhili ulijua kipi cha kunyamazia. Mwindaji na samaki walikwenda kwa wanunuzi wa Kizungu. Kizazi kilichofuata, ambacho hakikupewa kitu na mtu, kilipaka rangi nyeupe juu ya kitambaa cha magunia ya unga, kikatembeza picha kwa miguu mtaani, nacho kikachora mjeledi, kwa kuwa aliyefungua mlango alikuwa mtu wa kukumbushwa. Tofauti ya karakana hizi mbili haikuwa kipawa wala ukweli wa hisia. Ilikuwa nani anayenunua.

Tukifikiri hivyo, lawama ya zamani dhidi ya wachoraji hawa, kwamba wanarudia picha moja mara mia, inapoteza nguvu. Mtu aliyekwisha kusikia hadithi ya sungura haombi sungura abadilishwe. Jirani naye alitaka «Colonie belge» yake, nyumbani kwake, kwa ajili ya wageni wake. Kurudia kulikuwa sharti la ukumbusho.

Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, ndiye anayetupa mtihani mgumu zaidi wa hoja hii. Naye aliuza picha za kurudiwa kama wenzake. Lakini mwaka 1973 alikutana na Fabian, aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, na katika muda wa miezi michache iliyofuata akamchorea historia nzima ya nchi, tangu wazee wa kale hadi wakati ujao, akiieleza kwa Kiswahili picha baada ya picha. Picha hizo 101 pamoja na mazungumzo zilitolewa katika kitabu mwaka 1996. Tshibumba alijiita mwanahistoria, na alistahili. Alichora mauaji ya wafanyakazi waliogoma mwaka 1941, jambo ambalo familia za kambi zililijua kabla ya vitabu. Alichora hofu ya Simba Bulaya, wale waliosemekana kuteka watu usiku. Jina lenyewe limevalisha Ulaya kiambishi cha lugha zetu za bara. Alimchora Lumumba amelala pamoja na Mpolo na Okito, misalaba mitatu nyuma yao, na akaeleza wazi kwamba kwake yeye Lumumba alikuwa kama Yesu wa nchi hii.

Je, picha hizi 101 ni ukumbusho? Hapa tunatofautiana kidogo na wanaoziweka juu ya kazi zake zote. Mnunuzi alikuwa mmoja, naye alikuwa msomi mgeni aliyekuja kujifunza. Picha nyingi za mfululizo huo zinafundisha: huyu ni fulani, mwaka fulani, alifanya hivi. Maneno yaliyoandikwa juu ya kitambaa yanaongezeka, na watu waliochorwa husimama kama katika picha ya serikali. Picha ya Lumumba inapita hayo yote, kwa kuwa Tshibumba alijua kila nyumba ya Lubumbashi ingeitambua misalaba. Fabian mwenyewe hastahili lawama. Bila yeye tusingekuwa na sauti ya mchoraji katika Kiswahili chake halisi, hazina ambayo idara zetu hazijaitumia vya kutosha. Lakini mfululizo ulifika Amsterdam, na tangu mwaka 2000 umo katika jumba lililoitwa Tropenmuseum kwa miaka mingi. Kiswahili sanifu huita mahali kama hapo makumbusho. Mzizi ni ule ule. Wa kukumbushwa ndiye aliyebadilika.

Naye mnunuzi wa nyumbani alikwenda wapi? Alikwenda pamoja na mshahara. Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilitoa chini ya 50,000 mwaka 1994, na mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya 10,000 waliondoka kwa malipo ya mkupuo. Soko la picha lilikuwa limefifia kabla ya hapo. Tshibumba mwenyewe hajulikani alikopotelea tangu mwanzo wa miaka ya 1980. Hisia hazikupungua Katanga katika miaka hiyo, wala maisha ya kila siku hayakukosa mambo ya kuchora. Kama picha ingetoka katika hisia peke yake, miaka ya 1990 ingetuachia kuta zilizojaa. Ilituachia misumari.

Kwa hiyo tunawaomba wenzetu wa idara na wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu wasiishie kwa wachoraji. Aliyenunua «Colonie belge» mwaka 1974 akiwa na miaka thelathini amekwisha kupita themanini. Wake, na hata watoto waliokulia chini ya picha hizo, wanaweza bado kusema mgeni alipoingia nini kilisemwa, nani alinyooshewa kidole juu ya kitambaa, kwa maneno gani, na nani alinyamaza. Yaandikwe maneno hayo kama yanavyosemwa, kwa Kiswahili cha Lubumbashi, bila kusahihishwa.