Mwindo na Hasira Yake: Hadithi Tunayoikata Katikati

Ukiuliza kijana wa kwetu Mwindo ni nani, jibu linakuja mbio: ni yule shujaa wa Banyanga, aliyezaliwa akitembea, akamshinda baba yake. Halafu basi. Mara nyingi hata sisi wakubwa tunaposimulia, tunaishia pale kijiji cha Tubondo kinapoungua. Tunaona kusimulia hivyo ni kuharibu kazi ya bazee. Hadithi ya Mwindo si ya nguvu tu. Ni hadithi ya hasira: inatoka wapi, inasemwa namna gani, na nani anaipoza.

Tutafuata usimulizi wa muzee Candi Rureke, ule ulioandikwa mwaka 1956 na kutolewa mu kitabu mwaka 1969 na Daniel Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene. Rureke alisimulia kwa siku 12. Alikuwa anaimba, anacheza, anatikisa kayamba, na vijana watatu wanapiga mwanzi mkavu na kuitikia. Tuangalie hapo vizuri: vijana hawakukaa kimya kama ku masomo. Walibeba uchungu na furaha ya hadithi mu mikono na mu sauti zao. Hilo peke yake lilikuwa fundisho.

Hasira ya Mwindo iko na sababu. Shemwindo, mwami wa Tubondo, alikatalia wake zake saba kuzaa mtoto mwanaume. Mwindo alipozaliwa, baba alimtupia mkuki, akamzika angali mzima, mwishowe akamfungia mu ngoma na kumtupa mtoni. Na mtoto anafanya nini mule ndani ya ngoma? Anaimba. Anasema wazi nani amemtendea mabaya na anaenda kwa nani: kwa shangazi yake Iyangura. Tunapenda sana sehemu hii. Kijana wa kwetu akiumia, tunamwambia: "Nyamaza, mwanaume halii." Hadithi haisemi vile. Mtoto aliyefungiwa ndiye anatangaza uchungu wake kuliko wote.

Lakini kusema uchungu hakumalizi hasira. Mwindo anarudi Tubondo, anaita radi, kijiji kinakuwa majivu pamoja na watu wake. Baba anakimbilia chini ya ardhi, Mwindo anamfuata. Kabla ya kushuka, anamwachia shangazi ncha ya kamba: kamba ikiacha kutikisika, ajue amekufa. Wasimulizi wengi wanapita hapo mbio. Kumbe kamba ile ndiyo siri. Mwenye hasira anashuka peke yake, lakini iko mtu mmoja juu ambaye hakuachilia. Na wanaporudi, ni Iyangura anayemwomba afufue waliokufa. Kisha wote wanakusanyika. Shemwindo anakubali kosa lake mbele ya watu, Iyangura anamkaripia kaka yake waziwazi, na Mwindo anasema hana tena kinyongo. Baba na mwana wanagawana utawala.

Wengi wanadhani ni mwisho. Hapana. Mwindo angali na kiburi. Anaua joka Kirimu, rafiki ya Nkuba, mwenye radi. Nkuba anamchukua mbinguni mwaka mzima, na kule mvua, baridi, mwezi na jua vinamtesa. Anakatazwa kuua nyama tena. Akirudi, hajisifu. Anawapa watu sheria: msigombane, msitamani mke wa mwingine, msicheke kilema. Shujaa aliyetukuzwa kwa kushinda anakuwa mwami kwa kujizuia. Kukata sehemu hii ni kumwachia kijana moto bila maji.

Pamoja na sifa hizo, tuko na mambo mawili ya kulaumu. La kwanza, mama yake Mwindo na dada zake hawana nafasi kubwa ya kusema. Tunajua uchungu wa mtoto mwanaume, lakini ule wa mama aliyetupiwa mwana mtoni tunaukisia tu. Msichana anayesikiliza anabaki na Iyangura peke yake, na Iyangura ni wa kutuliza wengine. Hasira yake mwenyewe inasikika kidogo.

La pili ni zito zaidi. Mwindo alikuwa na conga, ule mkia wake wa ajabu. Aliutikisa, wafu wakaamka. Walikale imejua vita tangu mwaka 1993, na tunajua vizuri: aliyeuawa kwa hasira haamki. Kijana akisikia kwamba shujaa anachoma kijiji kisha anakitengeneza, anaweza kudhani na yeye atatengeneza kesho. Hapo msimulizi inafaa asimame aseme wazi: conga hatuna. Tuko na kamba na baraza tu, na vyote viwili lazima vije kabla ya radi.

Ndiyo maana tunaomba wazazi, walimu na waongozi wa vikundi vya vijana wasimulie hadithi nzima. Msimulizi asimame pale ngoma inapoelea mtoni, aulize vijana: Mwindo anasikia nini moyoni? Ni woga, haya, au kisirani? Kwa Kinyanga unaitaje ile kitu? Kijana asiyejua kutofautisha haya na hasira atapiga mtu kwa sababu ya haya. Kisha msimulizi aulize tena: kwako wewe, nani anashika ncha ya kamba?

Na kama kijana anajibu "hakuna", basi kazi si yake tena. Ni yetu.