Villiers, boriti na deni la baharia

Nimerudia kusoma Sons of Sinbad ya Alan Villiers, kitabu cha 1940, na safari hii nimekwama Rufiji. Mwaustralia huyu alipanda bumu la Kuwait kule Aden mwishoni mwa 1938, akashuka nalo kwa kaskazi hadi Unguja, kisha delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko.

Watu humsifu kwa matanga na upepo. Sawa. Mimi hunishika pale tanga limeshushwa: matope, mbu, boriti moja baada ya nyingine mpaka chombo kijae. Hata zile nyimbo za mabaharia, ambazo msomaji mwenye haraka atadhani ni burudani tu, ni kifaa cha kazi. Bila kuitikiana, foromali nzito vile haipandi.

Halafu kuna deni. Baharia hana mshahara, anangoja mgawo mwisho wa safari, na tayari ameshakopa kwa nahodha. Nahodha naye anadaiwa na tajiri. Villiers anayaona haya na kuyaeleza vizuri, kisha huyoo, anarudi kumhusudu nahodha wake, Ali bin Nasr al-Najdi. Alisafiri tezini, na moyo wake ukabaki hukohuko.

Adam Shafi, katika Kuli (1979), alisimama gatini na wapagazi wa Unguja waliogoma 1948. Pale mzigo una mgongo wa mtu, na mgongo una bei. Kwa Villiers bei hiyo naitafuta. Yule wa omo, aliyebeba boriti zile, alifika kwao na kiasi gani mkononi?