Chagua Kabila Lako

Kabla hujagusa chochote, The Battle of Polytopia inakuuliza swali ambalo Mkenya amezoea kulijibu akiangalia nani yuko karibu: wewe ni kabila gani? Makabila yamepangwa kwenye skrini, kila moja na rangi yake na ardhi yake. Ya bure ni manne. Xin-xi ni wa milimani, Bardur wa msitu wa theluji, Oumaji wa jangwani, Imperius wa mabonde yenye matunda. Mengi ya yaliyobaki unalipia, wakiwemo Zebasi, wale wa savana ambao ukikodoa macho wanafanana na sisi. Kwamba sisi ndio tuko upande wa kulipia, nilicheka kwanza, kisha nikaudhika kidogo, kisha nikachagua Xin-xi.

Gemu hii imetengenezwa na Midjiwan, kampuni ndogo ya Stockholm, Uswidi, na ilitoka 2016. Ni ya zamu: wewe unacheza, unatulia, wengine wanacheza. Ukicheza peke yako haihitaji bando, kwa hivyo ndiyo dawa yangu ya foleni ya Mombasa Road na ya usiku stima zikipotea. Ramani imefunikwa mawingu. Una mji mmoja, askari mmoja na nyota chache za kutumia. Hapo ndipo utamu ulipo, kwa sababu nyota hazitoshi kamwe. Askari wa kawaida ni nyota 2. Ujuzi mpya wa ngazi ya kwanza ni nyota 5 ukiwa na mji 1, lakini ukifikisha miji 6 ujuzi uleule unakuwa nyota 10. Yaani ukikimbilia kunyakua ardhi, elimu inakupandia bei. Sijaona gemu nyingine ya simu inayokubana hivyo kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya.

Na kabila? Kabila ni ujuzi mmoja wa kuanzia, basi. Bardur wanaanza wakijua kuwinda. Kwa nyota 4 wanawinda wanyama wawili na mji unapanda ngazi zamu ya kwanza kabisa. Xin-xi wangu wanajua kupanda milima tu, kwa hivyo zamu hiyohiyo mimi bado nasimama mlimani nikiangalia mandhari. Kufikia katikati ya mchezo kila mtu anaweza kununua ujuzi wa kila mtu, na kwa makabila ya kawaida tofauti inayobaki ni sura na kofia. Lakini aliyetangulia zamu tatu za kwanza huwa bado ametangulia. Hilo gemu inalisema wazi kuliko wanasiasa wetu wote: hakuna kabila lenye akili zaidi, kuna lililoanza na nyota zake mkononi.

Kasoro yake kubwa ni mwisho. Katika Domination, ambapo lazima uwafute wengine wote, ukishawazidi nguvu unabaki kufanya usafi: zamu kumi za kufukuza askari mmoja aliyejificha pembeni. Inachosha. Cheza Perfection, yenye zamu 30 na alama, ambapo lazima ujue lini uache kupanda na uanze kuvuna. Huko hata amani ina maana, maana unaweza kuweka mkataba na jirani ukadumu hadi mwisho. Kwenye Domination mkataba ni wa kuvunjwa tu, mnajuana.

Baadaye nililipia Zebasi, moyo ni moyo, tukaanza kupokezana simu na jamaa ninayeishi naye. Yeye ni Bardur siku zote. Anasema ni watu wa baridi kama Limuru. Tukaanza ule utani wetu: nyinyi watu wa msituni mnajulikana, nyinyi wa savana hamna shukrani. Tulicheka vizuri kwa wiki mbili hivi. Siku moja nikamchukulia mji wake mkubwa, nikamwambia bila kufikiri, "Haya, rudini kwenu."

Hakunijibu. Alichukua simu, zamu ilikuwa yake, akaitazama muda mrefu bila kucheza. Najua alikotoka. Mwanzoni mwa 2008 alikuwa na miaka minane, na familia yao iliondoka Burnt Forest usiku ikiwa na godoro moja.

"Unajua hii gemu inadanganya wapi?" akasema hatimaye. Akanionyesha mji niliomnyang'anya. Ulikuwa na ngazi ileile, idadi ileile ya watu. Mpaka tu ndio uliobadilika rangi. "Hawa watu wangu hawajahama. Wamelala wakiwa wangu, wameamka wakiwa wako. Hakuna mtu yuko barabarani."

Nimeimaliza mara nyingi tangu hapo na bado naiona nzuri, nzuri sana. Lakini kila ninapochukua mji huwa natazama barabara inayotoka pale. Naweza kuwalipia barabara, nyota chache kwa kila mraba, na askari wangu wanapita haraka. Ni wao tu wanaopita.

Jamaa bado anacheza Bardur. Ule utani hatuurudii.